Chini ya Mabomu ya Kina: Nyambizi na Wawindaji Wake katika Bahari ya Hindi, 1942–1944

Bomu la kina ni pipa la chuma lililojaa baruti, linaloangushwa kutoka tezi ya manowari ili lilipuke chini ya maji karibu na nyambizi. Si lazima liiguse. Maji hayashindiliki kama hewa, kwa hiyo nguvu ya mlipuko hupita ndani yake na kuligonga gamba la chombo ambalo tayari limebanwa pande zote na uzito wa bahari. Waingereza walianza kulitumia mwaka 1916, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, na vita vya pili vilipozuka mwaka 1939 bado lilikuwa silaha kuu ya kuwinda nyambizi. Mabaharia waliokuwa chini walijifunza kuliepuka na kulistahimili kwa mbinu zilizotegemea mambo matatu: sauti, muda na kina. Mbinu hizo zilitumika Atlantiki na Pasifiki, na zilitumika pia katika maji yaliyo kati ya Mombasa, Msumbiji, Shelisheli na Maldivi, ambako pambano moja la Februari 1944 liliondoa roho za mamia ya askari wa Afrika Mashariki.

Kwa watu wa Katanga bahari hiyo haikuwa mbali kama ramani inavyoonyesha. Reli iliyotoka kusini ilifika Sakania mwaka 1909 na Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910. Tangu hapo mikuo ya shaba ilivuka mpaka pale Sakania, ikapita Ndola na Bulawayo, ikashuka hadi bandari ya Beira kwenye Mlango-bahari wa Msumbiji. Reli ya kwenda Lobito, upande wa Atlantiki, ilikamilika mwaka 1931 tu. Hata majina ya miji ya Katanga yalikuwa yamekwisha kuonja torpedo. Meli ya Kibelgiji Elisabethville ilizamishwa na nyambizi ya Kijerumani UC-71 mwezi Septemba 1917 katika Ghuba ya Biscay. Meli Kabalo nayo ilizamishwa Oktoba 1940 na nyambizi ya Kiitalia Cappellini, ambayo nahodha wake, Salvatore Todaro, aliwachukua mabaharia wa Kabalo na kuwafikisha salama Azores. Huruma ya namna hiyo haikuonekana mara nyingi katika vita vile.

Hatari iliingia Bahari ya Hindi kwa nguvu mwaka 1942. Baada ya Wajapani kuishambulia Ceylon mwezi Aprili, Admirali James Somerville aliihamishia Kilindini kambi ya kundi la manowari za Uingereza za mashariki. Huko Mombasa shule ya Allidina Visram iligeuzwa ofisi ya kufumbua maandishi ya siri ya Wajapani. Usiku wa tarehe 30 Mei nyambizi ndogo ya watu wawili, iliyoletwa na nyambizi mama, iliingia bandari ya Diego Suarez, kaskazini mwa Madagaska, ikaijeruhi manowari kubwa Ramillies na kuizamisha meli ya mafuta British Loyalty. Manowari ndogo mbili za Kiingereza, Genista na Thyme, zilimwaga mabomu ya kina humo bandarini bila kuzuia torpedo ya pili. Kuanzia Juni hadi mapema Julai, nyambizi I-10, I-16, I-18 na I-20 zilirandaranda katika Mlango-bahari wa Msumbiji na kuzamisha zaidi ya meli 20. Hakuna nyambizi hata moja kati ya hizo nne iliyopotea katika operesheni hiyo, kwa sababu rahisi: meli nyingi zilisafiri peke yake, na manowari za kusindikiza hazikutosha. Nyambizi ambayo haijawindwa haina haja ya kujua kujificha.

Mawindo yalipoanza kwa dhati, kila kitu kilitegemea masikio. Manowari za Kiingereza zilikuwa na chombo walichokiita asdiki, ambacho baadaye kilijulikana zaidi kama sona. Kilituma mlio mkali ndani ya maji na kusubiri mwangwi. Muda wa mwangwi kurudi ulionyesha umbali, na upande ulikotoka ulionyesha mwelekeo. Kina cha nyambizi, hata hivyo, chombo hicho hakikuweza kukipima kwa miaka mingi ya vita. Nahodha wa manowari alikikisia. Tena mlio ulirushwa mbele na kwa usawa kama mwanga wa tochi, hivyo manowari ilipokaribia, nyambizi iliyokuwa chini ilitoka nje ya mwale huo. Katika mita 180 hivi za mwisho mwindaji alikuwa kipofu.

Bomu lenyewe halikuwa na haraka. Lile la kawaida la Waingereza, Mark VII, lilibeba kilo 130 hivi za baruti na kuzama kwa mwendo wa mita 3 kwa sekunde. Kifyatulio chake kilifanya kazi kwa maji: bahari iliingia kupitia tundu dogo, na mgandamizo ulipotosha, pini ilipiga na baruti ikalipuka. Kabla ya kuliangusha, baharia alichagua kina kwa ufunguo, na mwanzoni mwa vita kina kikubwa kabisa kilikuwa mita 150 hivi. Ili kulipasua gamba la nyambizi ililazimu bomu lilipuke ndani ya mita 6 au 7. Likilipuka mbali kidogo, mita 12 hivi, lingeweza kuharibu mitambo kiasi cha kuilazimisha iibuke. Zaidi ya hapo lilikuwa mshindo na mtikisiko tu. Kwa sababu hiyo mabomu yaliangushwa kwa mafungu, matano kwa mara moja, baadaye kumi na hata kumi na manne, mengine yakirushwa pembeni kwa mizinga maalumu ili kuizunguka nyambizi pande zote.

Hesabu ndogo inaonyesha nafasi aliyokuwa nayo mwindwa. Manowari inayokwenda noti 15 huzimaliza mita 180 za upofu kwa sekunde 23 hivi. Bomu linahitaji sekunde nyingine 33 kufika mita 100. Jumla inakaribia dakika moja, na katika dakika hiyo nyambizi inayokwenda noti 6 imesogea mita 170, upande wowote itakaopenda. Duara la kifo lina upana wa mita kumi na kitu. Kila nahodha wa nyambizi aliyerudi nyumbani aliijua hesabu hii, hata kama hakuiandika.

Ndiyo maana mtu muhimu kuliko wote wakati wa kuwindwa alikuwa yule aliyekaa na vipokea sauti masikioni. Kwa haidrofoni alisikia rafadha za manowari, akatambua kama zinakaribia au zinapita, na akatoa taarifa kwa kunong'ona. Mlio wa asdiki wenyewe haukuhitaji chombo. Ukiligonga gamba, kila mtu aliusikia. Milio ilipofuatana kwa haraka, wote walijua kwamba mwindaji ameshika mwangwi na anakuja. Kisha rafadha zilinguruma juu ya vichwa, na mabomu yakasikika yakitumbukia. Hapo nahodha aliamuru usukani ugeuzwe mpaka mwisho na mota zipewe nguvu yote kwa muda mfupi. Kugeuka mapema mno kulimpa mwindaji nafasi ya kurekebisha njia, na kuchelewa kulikuwa kifo. Mabomu yalipolipuka, bahari ilichafuka kwa kelele na mapovu kwa dakika kadhaa, asdiki haikusikia kitu, na huo ndio ulikuwa wakati wa kukimbia, kuwasha pampu na kutoa maji yaliyovuja. Kelele ilipotulia, nyambizi nayo ilinyamaza.

Wajerumani walikuwa na neno maalumu la mwendo huo wa kunyatia. Mota za umeme zilizungushwa polepole kabisa, noti moja au mbili, ili rafadha zisitoe sauti. Feni, friji na pampu zilizimwa. Mabaharia walivua viatu, wakatembea kwa soksi. Spana iliwekwa juu ya kitambaa, na sufuria hazikuguswa. Wasiokuwa na zamu waliamriwa walale vitandani, kwa sababu mtu aliyelala hutumia hewa kidogo. Nyambizi isipokuwa na mwendo wa kutosha huanza kuzama au kuinama, lakini kuwasha pampu za kusawazisha matangi kulikuwa kujitangaza. Basi watu wenyewe walifanywa uzito: omo ikipanda, kumi waliambiwa wasogee mbele kimya kimya, ikizama, walirudi nyuma.

Hewa ilikuwa adui wa pili. Betri za nyambizi ya Kijerumani ya wakati ule ziliweza kuisukuma maili 60 hadi 80 hivi kwa noti nne, na baada ya hapo ilikuwa lazima iibuke iwashe dizeli na kuchaji upya. Hewa iliyofungiwa ndani ilitosha kwa siku moja na zaidi kidogo. Baada ya saa kumi na mbili kichwa kilianza kuuma, pumzi ikawa fupi, na mawazo yakawa mazito. Wajerumani walivaa makopo ya kemikali inayofyonza hewa ukaa, mrija mdomoni na kibanio puani, wakalala hivyo kwa saa nyingi. Maji ya chumvi yakifika kwenye betri zilizopasuka hutoa klorini, gesi inayounguza mapafu, na hofu ya harufu hiyo ilikuwa kubwa karibu kama hofu ya bomu lenyewe. Choo hakikuweza kutumika kinani kwa sababu mgandamizo wa nje ulizuia uchafu kusukumwa baharini, zilitumika ndoo.

Katika maji ya tropiki yote haya yalizidi. Juu ya bahari, chini ya Ikweta, maji huwa na nyuzi 28 au zaidi, na chombo cha chuma kilichotoka kuendesha dizeli mchana kutwa hushuka na joto lake lote. Nyambizi za Kimarekani zilikuwa na viyoyozi, ambavyo vililazimika kuzimwa wakati wa kunyamaza. USS Puffer iliwindwa katika Mlango-bahari wa Makassar tarehe 9 na 10 Oktoba 1943 kwa saa 31 hivi. Watu walitapika kila walichokunywa, sakafu ikateleza kwa jasho na unyevu, na wengine walifika hatua ya kutojali tena kama wangeishi au la. Jambo lililoonekana katika vyombo vya mataifa yote ni kwamba wenye kazi mkononi walistahimili kuliko waliolazwa wakisubiri. Mshika usukani, mtu wa haidrofoni na fundi anayekaza boliti ya bomba linalovuja walikuwa na kitu cha kufikiria. Aliyelala kitandani alihesabu milipuko.

Mshindo wa karibu ulianza na mlio mdogo mkavu, kisha ukaja ngurumo. Mabaharia wa Kimarekani walijifunza kupima umbali kwa pengo kati ya sauti hizo mbili: pengo likiwa refu, bomu liko mbali, zikiungana, ni hatari. Kilichofuata kilifanana karibu kila mahali. Taa zilizimika, vioo vya saa za kupimia vilipasuka, rangi na vipande vya kizibo cha ukutani vikaanguka, mabomba yakachuruza maji kwenye maungio. Tochi zilitolewa, kila chumba kikatoa taarifa. Gamba lenyewe halikuvunjika mara nyingi. Viliua zaidi vitu vidogo vilivyojumlishana: vali iliyokatika, mhimili wa rafadha uliopinda na sasa unapiga kelele, mafuta yanayovuja na kuchora mstari juu ya bahari, betri inayokwisha.

Kushuka zaidi ndiyo kinga iliyofikiriwa kwanza. Kila mita 10 za maji huongeza mgandamizo unaolingana na ule wa hewa yote iliyo juu ya dunia, kwa hiyo kwenye mita 200 kila sentimita ya mraba ya gamba hubeba kilo 20 hivi. Nyambizi za Kijerumani zilijengwa kwa chuma kizuri, na manahodha waligundua kwamba zilistahimili mita 200 na kupita, chini ya kina kikubwa ambacho mabomu ya Waingereza yaliweza kuwekewa mwanzoni. Ukweli huo uliokoa vyombo vingi hadi Waingereza walipoutambua. Kwa Wajapani na Wamarekani mambo yaligeuka. Mabomu ya Kijapani yaliwekwa kulipuka karibu mno na uso wa bahari, kwa sababu Wajapani hawakujua nyambizi za Kimarekani zinashuka kiasi gani. Mwaka 1943 mbunge Andrew May wa Kentucky alilitaja jambo hilo mbele ya waandishi wa habari, na magazeti yakalichapisha. Admirali Charles Lockwood alidai baadaye kwamba kauli hiyo iligharimu nyambizi kumi na watu 800. Hesabu hiyo ni ya mtu mwenye hasira na ni vigumu kuithibitisha, ingawa ni kweli kwamba mabomu ya Kijapani yalianza kulipuka chini zaidi.

Bahari yenyewe ilitoa maficho mengine. Tabaka la juu la maji moto likikutana na maji baridi ya chini, mlio wa sona hupinda na kuacha eneo lisilosikika, na nyambizi iliyoteleza chini ya mpaka huo iliweza kutoweka huku manowari ikipita juu yake. Wamarekani waliweka vipimajoto maalumu vya kutafuta mpaka huo. Wengine walikisia kutokana na jinsi chombo kilivyokuwa chepesi au kizito ghafla. Kwenye maji mafupi nyambizi ililala sakafuni, mota zimezimwa, mwangwi wake ukichanganyika na wa miamba. Mwaka 1942 Wajerumani walianza kutoa kopo la kemikali lililotengeneza wingu la mapovu. Wingu hilo lilirudisha mwangwi, na manowari ikapoteza mabomu yake juu ya mapovu. Mafuta, mbao na nguo zilisukumwa kupitia mrija wa torpedo ili mwindaji aamini kwamba mawindo yamekufa. Hila hiyo ilichosha haraka. Manahodha wazoefu wa Kiingereza hawakuondoka kwa sababu ya boya na fulana tu.

Maficho mabaya kuliko yote yalitumika tarehe 12 Februari 1944. Msafara ulioitwa KR-8 ulikuwa umeondoka Kilindini mapema mwezi huo kwenda Colombo: meli tano za abiria, Khedive Ismail, City of Paris, Varsova, Ekma na Ellenga, zikisindikizwa na kruza Hawkins, na karibu na Maldivi pia na manowari mbili nyepesi za mwendo kasi, Paladin na Petard. Khedive Ismail ilikuwa na watu 1,511. Kati yao 996 walikuwa maofisa na askari wa Rejimenti ya 301 ya Mizinga ya Afrika Mashariki, waliokuwa wakienda vita vya Burma. Wengine walikuwa mabaharia wa jeshi la Uingereza, wauguzi na wanawake wa vikosi vya jeshi. Kiasi cha saa nane na nusu mchana, kusini magharibi mwa Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 ya nahodha Fukumura Toshiaki iliupiga msafara kwa torpedo nne. Mbili ziliipata Khedive Ismail. Meli ilizama katika dakika mbili hivi. Waliokuwa vyumba vya chini hawakupata nafasi ya kupanda ngazi.

Msafara ulitawanyika kama ilivyoamriwa, na Paladin ikaanza kuteremsha mashua kuokota walionusurika. Petard ilitafuta na ikapata mwangwi. Nyambizi ilikuwa imeshuka na kujiweka chini ya mahali pale pale palipojaa watu wanaoelea. Haiwezekani kujua leo kama Fukumura alikusudia au alikuwa tu bado mahali aliposhambulia, maana yeye mwenyewe hakubaki kueleza. Matokeo yalikuwa yaleyale. Nyambizi ambayo ingeachwa ingeweza kuzifuata meli nne zilizobaki, kila moja ikiwa na mamia ya askari, na Kamanda Rupert Egan wa Petard akaamuru mabomu ya kina yaangushwe. Mlipuko wa chini ya maji humwumiza mtu aliye majini kuliko mlipuko wa hewani: nguvu yake huingia tumboni na kifuani na kupasua mapafu na matumbo bila kuacha jeraha la nje. Askari waliokuwa wameponea meli waliuawa na manowari iliyokuja kuwalinda, mbele ya mabaharia wenzao waliokuwa tayari wamenyosha mikono kuwavuta. Egan anaweza kulaumiwa kwa mengi, lakini si rahisi kutaja amri nyingine ambayo ingekuwa bora.

I-27 ilikuwa na urefu wa karibu mita 109, na kina chake salama kilikuwa mita 100. Maana ya tarakimu hizo mbili ni kwamba chombo kikiinama sana, omo yake huwa imekwisha kupita kina salama wakati tezi bado iko karibu na uso wa bahari. Haikuwa na nafasi ya kucheza kama nyambizi za Kijerumani zilizotoroka chini ya mita 200. Ukubwa wake ulirudisha mwangwi mnene, na mitambo yake ilikuwa na kelele. Ilistahimili mafungu kadhaa ya mabomu, kisha ikaibuka. Paladin na Petard zilifyatua mizinga ya inchi 4, ambayo haikuweza kulitoboa gamba vya kutosha. Paladin ilielekeza omo yake kwenye nyambizi ili kuigonga, Egan akapeleka ishara kuikataza, na ilipogeuka usukani wa kupigia mbizi wa I-27 ukapasua ubavu wa Paladin kwa mita kadhaa. Petard ikabaki peke yake na kuanza kufyatua torpedo moja baada ya nyingine. Ya saba ilipiga, na I-27 ikazama na karibu mabaharia 100.

Katika watu 1,511 wa Khedive Ismail walipona wanaume 208 na wanawake sita. Waliokufa ni 1,297. Hiyo ni mojawapo ya hasara kubwa zaidi za Washirika katika meli moja baharini. Majina ya askari wa Rejimenti ya 301 yamechongwa kwenye mnara wa kumbukumbu wa Afrika Mashariki jijini Nairobi, pamoja na ya wengine wasio na kaburi linalojulikana.

Petard haikuwa mgeni wa kazi hiyo. Tarehe 30 Oktoba 1942, mashariki mwa Bahari ya Mediterania, yeye na wenzake walikuwa wameiwinda U-559 ya Wajerumani kwa saa nyingi na kwa zaidi ya mabomu 150. Nyambizi ilikuwa chini kuliko mabomu yalivyoweza kuwekwa. Inasimuliwa kwamba mabaharia wa Petard waliziba sehemu ya matundu ya vifyatulio kwa sabuni ili maji yaingie polepole na bomu lizame zaidi kabla ya kulipuka. U-559 iliibuka usiku ikiwa imechoka, mabaharia wake wakaruka nje, na Tony Fasson pamoja na Colin Grazier wakaingia ndani kuchukua vitabu vya siri. Wote wawili walizama nayo. Mwezi Desemba mwaka huo, pamoja na manowari ya Kigiriki, Petard ilimaliza nyambizi ya Kiitalia Uarsciek, iliyopewa jina la mji wa Warsheikh kwenye pwani ya Somalia. I-27 ilipozama, Petard ikawa imeangamiza nyambizi za mataifa yote matatu yaliyopigana upande mmoja: Ujerumani, Italia na Japani.

Wakati huo mbinu za kustahimili zilikuwa zinakaribia mwisho wake. Subira ya kukaa chini ilifaa pale tu mwindaji alipokuwa na haraka ya kurudi kwenye msafara. Kuanzia mwaka 1943 Washirika walikuwa na manowari za kutosha kuunda makundi yasiyosindikiza mtu, yenye kazi ya kukaa juu ya mwangwi mmoja hadi nyambizi iishiwe hewa. U-358 iliwindwa Atlantiki na manowari nne kwa saa 38, Februari 29 na Machi 1, 1944. Ilipolazimika kuibuka ilikwisha kuizamisha manowari Gould, lakini nayo ikaangamizwa na akapona mtu mmoja. Silaha nazo zilibadilika. Hedgehog ilirusha mabomu 24 madogo mbele ya manowari, wakati asdiki bado inaisikia nyambizi, na mabomu hayo yalilipuka yakiigusa tu. Upofu wa mita za mwisho uliondoka. Tena bomu lililokosa halikulipuka, hivyo halikuchafua maji, na nyambizi haikupewa kelele ya kukimbilia.

U-198 ilikutana na mabadiliko hayo karibu na pwani ya Waswahili. Mapema Agosti 1944 ilizamisha Empire City karibu na Rasi Delgado, na siku moja baadaye Empire Day mashariki mwa pwani ya Tanganyika. Ndege kutoka manowari za kubebea ndege, Begum na Shah, zilianza kuitafuta. Tarehe 10 ilionekana na kushambuliwa, ikashuka. Ndege hazikuiacha, na nyambizi isiyoweza kuibuka mchana haiwezi kuchaji betri. Tarehe 12, kaskazini magharibi mwa Shelisheli, manowari Findhorn na Godavari ya India ziliipata kwa asdiki, na Hedgehog ya Findhorn ikaimaliza. Watu wote 66 walikufa. Mwaka mmoja kabla, kusini mwa Madagaska, ndege za Catalina zilikuwa zimeiwahi U-197 ikiwa juu ya maji, bila kuipa nafasi ya kutumia mbinu yoyote ya kina wala ya kimya. Yaliyoipata U-852 yalikuwa tofauti kidogo: ndege kutoka Aden ziliijeruhi mapema Mei 1944 kiasi kwamba haikuweza tena kukaa chini, na nahodha wake Heinz-Wilhelm Eck akaipandisha mchangani kwenye pwani ya Somalia na kujaribu kuilipua.

Wajerumani walipoteza karibu mabaharia 30,000 kati ya 40,000 hivi waliohudumu katika nyambizi, kiwango cha hasara kikubwa kuliko cha tawi lolote la jeshi lao. Wajapani walipoteza nyambizi takriban 130. Kati ya zile zilizowahi kuwinda katika Mlango-bahari wa Msumbiji na kubaki, U-181 na U-862 zilikutwa na mwisho wa vita vya Ulaya zikiwa mashariki ya mbali. Wajapani walizichukua mwezi Mei 1945 na kuziita I-501 na I-502. Waingereza walizikuta huko, wakazivuta hadi Mlango-bahari wa Malaka na kuzizamisha Februari 1946.